Kofia ya Askari na Alama ya Dobi

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenifuata gazetini, leo tuzungumze habari za kofia. Simaanishi baraghashia wala tarbushi. Namaanisha kofia ya askari, ile anayovaa akitumaini kurudi nyumbani akiwa na kichwa chake.

Tuanze na ile tunayoijua sote, kofia ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Tuliiona Kongo kati ya 1960 na 1964. Tukaiona Rwanda mwaka 1994, ikipunguzwa idadi wakati ule ule ilipohitajika iongezwe. Mwaka 2013 tukaiona vichwani mwa vijana wa Tanzania waliopelekwa Kivu. Imekuwa maarufu hata watu wakiwataja askari wale huwaita kwa rangi ya kofia yao.

Ajabu ni kwamba kofia za kwanza za buluu hazikutengenezwa kwa ajili ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1956, Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, na Umoja wa Mataifa ukaamua kupeleka jeshi la kusimama katikati. Askari walitoka nchi mbalimbali, na baadhi yao walikuwa na sare zinazofanana na za Mwingereza, yule yule ambaye Wamisri walikuwa wametoka kupigana naye. Ilitakiwa alama ya kuwatofautisha, na ilitakiwa upesi. Bereti za buluu zingechukua wiki kadhaa kushonwa. Brian Urquhart, aliyekuwa afisa wa Umoja wa Mataifa wakati huo, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba huko Ulaya zilikuwapo kofia za plastiki za jeshi la Marekani kwa wingi. Zikapuliziwa rangi ya buluu, na vikosi vya kwanza vikaziwahi.

Neno la kushika hapo ni hilo la plastiki. Askari gani anakwenda vitani na kofia ya plastiki? Jibu ni kwamba ile ilikuwa nusu tu ya kofia. Ilikuwa kofia ya ndani, na nusu ya pili, ya chuma, ilibaki ghalani.

Marekani iliipitisha kofia hiyo mwaka 1941 na kuiita M1. Kabla ya hapo askari wake walivaa kofia bapa kama sahani, ya nasaba moja na ile ya Waingereza ambayo wazee wetu wa KAR waliifahamu walipokwenda Burma. Sahani ile hufunika utosi vizuri, lakini masikio na kisogo huachiwa Mungu. Kofia mpya ilishuka pande zote, na siri yake ilikuwa kuigawa kazi. Kofia ya nje, ya chuma chenye manganizi, ilizuia vipande vya mabomu. Kofia ya ndani, nyepesi, ndiyo iliyobeba mikanda yote ya kukaa kichwani: utando wa tepe unaoshika utosi, ukanda wa ngozi wa kunyonya jasho, na kijikanda cha kisogoni. Utando huo ulitokana na kazi ya John T. Riddell, mtengenezaji wa kofia za wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao watu hugongana vichwa kwa makusudi.

Kwa hiyo kofia ya chuma peke yake haivaliki. Itoe ya ndani, inabaki sufuria, na ndivyo askari walivyoitumia: kunawia, kunyolea ndevu, kutekea maji, hata kuchimbia. Kofia ya ndani peke yake inavalika vizuri sana, na jeshi lilitaka iwe hivyo. Kambini, kwenye gwaride, getini, bandarini, kwenye usukani wa lori, askari aliacha chuma na kuvaa ile nyepesi. Haizuii risasi hata kidogo. Inazuia jua, mvua, na makaripio ya sajini.

Kofia za chuma zilizotengenezwa hadi vita vinakwisha mwaka 1945 zilikaribia milioni 22, nyingi kutoka kiwanda cha McCord mjini Detroit, na nyingine kutoka Schlueter mjini St. Louis. Kila moja ilihitaji mwenzake wa ndani. Vita vilipokwisha zilitawanyika duniani kama mchele uliomwagika: nyingine zikapewa majeshi ya nchi rafiki, nyingine zikabaki katika mabanda ya kuku ya Normandy na Ardennes. Leo hii wapo watu, Ulaya na Marekani hasa, wanaozitafuta kama wengine wanavyotafuta stempu. Nami nakiri nina ugonjwa huo kidogo.

Sasa nimeingizwa katika habari hii na barua. Msikilizaji wetu mmoja, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, anayeishi siku hizi Liège, Ubelgiji, ameniletea picha sita na maswali mawili. Alikwenda sokoni Jumapili kutafuta viti, akarudi na kofia. Muuzaji alimwambia ni kofia ya askari wa miavuli wa Kimarekani aliyepigana Bastogne, na kwa ushahidi akamwonyesha alama ya shupaza, ile ya karata, iliyochorwa kwa rangi nyeupe ubavuni. Amelipa fedha ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, “mama watoto bado hajaelezwa.” Anauliza: je, ni ya kweli? Na kama ile shupaza ni ya uongo, aikwangue?

Swali la kwanza lina sehemu mbili, na watu wengi huziunganisha kwa hasara yao. Kofia inaweza kuwa ya kweli na hadithi yake ikawa ya uongo. Tuanze na kofia.

Jambo la kwanza ni imetengenezwa kwa kitu gani. Zile za mwanzo kabisa, za 1941 na 1942, zilikuwa za karatasi. Ndiyo, karatasi iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu, kisha ikavalishwa kitambaa cha pamba kwa nje. Aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Hawley Products wa St. Charles, Illinois. Zilipendeza na zilikuwa nyepesi, lakini karatasi ni karatasi. Jasho, mvua na unyevu wa visiwa vya Pasifiki vilizilegeza, kitambaa kikabanduka, na kufikia mwisho wa 1942 utengenezaji wake uliachwa. Kwa kuwa zilioza, zilizosalia ni chache, na kwa kuwa ni chache, bei yake inatisha. Ukiletewa moja, ishike taratibu. Usiijaribu kichwani.

Baada ya karatasi ikaja plastiki, ingawa plastiki hiyo si ya ndoo. Ni kitambaa cha pamba kilicholoweshwa katika utomvu wa kiwandani na kugandishwa ndani ya kalibu. Viwanda viwili vya mpira, St. Clair na Hood, vilitumia mgandamizo mdogo. Kazi yao haikuwa laini, na njia hiyo ikaachwa kabla ya vita kwisha. Wengine walitumia mashine za mgandamizo mkubwa, na hizo ndizo nyingi utakazokutana nazo. Ukiingiza taa ndani na kutazama vizuri, mara nyingi utaona alama za vipande vya kitambaa vilivyolaliana. Ukigonga kwa ukucha, inalia kavu, kama mlango wa kabati la zamani.

Ukiwa bado na taa yako, tazama utosini, kwa ndani. Hapo kiwanda kiliacha alama. W ni Westinghouse, watu wa mitambo ya umeme. F ni Firestone, watu wa matairi. S kubwa ni Seaman, kampuni ya karatasi ya Chicago. MSA ni Mine Safety Appliances wa Pittsburgh, ambao angalau walikuwa wamezoea kulinda vichwa, vya wachimba migodi. CAPAC ni kiwanda cha mji mdogo wa jina hilo hilo, Michigan. IMP ni International Molded Plastics wa Cleveland. Inland, iliyokuwa tawi la General Motors mjini Dayton, iliweka alama yake pia. Mimi alama hizo hunifurahisha kuliko bunduki yoyote katika makumbusho, kwa sababu zinaonyesha nchi nzima imegeuzwa: mtu wa matairi anafinyanga kofia, mtu wa redio na majokofu anafinyanga kofia, na wote wanaleta kitu cha kipimo kimoja.

Lakini alama ya kiwanda pekee haitoshi, maana baadhi ya viwanda hivyo, CAPAC na Firestone kwa mfano, viliendelea na kazi hiyo katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Korea. Hapo tunakuja kwenye tundu. Kofia za ndani za Vita vya Pili zina tundu dogo mbele, juu ya paji la uso, lenye pete ya chuma. Lilikuwa la kupachika beji ya cheo. Zile za baadaye hazina. Wanunuzi wengi huishia hapo: tundu lipo, basi ni ya vita. Ndugu zangu, tundu hutoboka kwa dakika moja. Tazama kama pete ni ya zamani kama kofia yenyewe, kama rangi ya kijani imepita juu ya pete, na kama ukingo wa tundu hauonyeshi ndani ya plastiki mbichi isiyokaa na uchafu wa miaka themanini.

Kisha mikanda. Utando wa wakati wa vita ni wa tepe ya pamba iliyofumwa kwa mistari ya mshazari inayokutana kama mifupa ya samaki. Zile za karatasi za mwanzo zilikuwa na tepe ya rayoni inayong'aa. Pamba yenyewe kwanza ilikuwa ya rangi ya kaki, na kadiri vita vilivyoendelea ikawa ya kijani. Kofia yenye kaki huku na kijani kule isikutie wasiwasi; viwanda vilimaliza akiba ya zamani kwanza, kama mama ntilie anavyomaliza unga wa jana. Utando umeshikwa kwa ribiti, na nyuma ya kila ribiti kuna washa ya pembe tatu yenye umbo kama herufi A. Utosini tepe zinakutana katika kitanzi kinachokazwa kwa kamba mfano wa kamba ya kiatu. Ukikuta badala yake tepe tatu zinazopishana, zenye vibanio vya kurekebishia, hiyo ni ya mtindo wa miaka ya 1960. Na ukikuta herufi DSA zimepigwa muhuri kwenye tepe, usiendelee kumsikiliza muuzaji. Ni kifupi cha idara ya ugavi ya jeshi la Marekani iliyoundwa mwaka 1961. Hakuna askari aliyeshuka Normandy mwaka 1944 na muhuri wa 1961.

Hapo pia kuna haki ya kutendewa. Jeshi halikutupa kofia nzuri. Nyingi za wakati wa vita zilirudishwa karakana miaka ya 1950, zikang'olewa mikanda iliyochakaa na kuwekwa mipya. Kofia kama hiyo ni ya kweli iliyotengenezwa upya, na asemaye hivyo waziwazi ni muuzaji mwaminifu. Vivyo hivyo kofia ya ndani na ya nje unazozikuta pamoja mara nyingi hazikuanza pamoja. Ghalani zilichanganywa, mabandani zikachanganywa tena. Wauzaji nao huoanisha nzuri na nzuri ili zivutie macho, ndoa ya mkeka kabisa. Hakuna ubaya, mradi hakuna anayekuapia kwamba walizaliwa nyumba moja.

Na huko Ulaya kuna mtego mwingine. Baada ya vita, Ubelgiji, Uholanzi, Denmark, Austria na Ujerumani Magharibi zilitengeneza au kuvaa kofia za mfano huo huo wa Kimarekani. Kwa mtu anayepita sokoni zinafanana kama mayai. Mwana wa Mbelgiji aliyefanya jeshi mwaka 1955 anauza kofia ya babake, mnunuzi anasikia neno “jeshi”, anaona umbo la kwenye sinema, na akili yake inamalizia hadithi bila muuzaji kudanganya hata neno moja.

Kuna na hizi mpya kabisa, zinazotengenezwa leo kwa ajili ya wanaoigiza vita siku za maadhimisho. Wenye haya huzipiga chapa. Wasio na haya huikwangua chapa, huzizika bustanini mvua moja, na kuzileta sokoni zikiwa na kutu na huzuni. Wakusanyaji wengine humulika nyuzi kwa taa ya zambarau inayotumika kukagua noti, kwa kuwa nyuzi na sabuni za baada ya vita zina dawa inayong'aa chini ya taa hiyo. Ni kipimo kizuri lakini si cha kuapia. Pamba ya 1943 iliyofuliwa kwa sabuni ya juzi nayo itang'aa.

Basi nikazitazama picha sita za ndugu yetu wa Liège. Utosini kuna W. Mbele kuna tundu, na rangi ya kijani iliyopasukapasuka imepita juu ya pete yake. Tepe ni za mifupa ya samaki, kaki iliyofifia. Washa zote ni za pembe tatu, na kamba ya utosini ipo ingawa imekatika. Kwa kadiri picha zinavyoweza kusema, hiyo ni kofia ya ndani ya Vita vya Pili, ya Westinghouse, na haijapita karakana. Amepata kitu.

Tuje kwenye shupaza.

Kabla ya kushuka Normandy mwaka 1944, Divisheni ya 101 ya askari wa anga ya Marekani iliwachorea watu wake alama za karata ubavuni mwa kofia ili wajuane wakitawanyika. Kopa ilikuwa ya rejimenti ya 502, uru ya 501, shupaza ya 506, na pau ya 327, rejimenti ya ndege zisizo na injini. Haya ni ya kweli. Lakini mwaka 2001 ilitoka filamu ya mfululizo ya Band of Brothers, inayohusu kikosi kimoja cha rejimenti ya 506, na kabla yake, 1998, Saving Private Ryan ilikuwa imekwishawasha moto. Tangu hapo shupaza imekuwa karata ghali kuliko zote mezani. Kofia ya kawaida ina bei ya kawaida. Ichore shupaza, bei inaruka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii shupaza ya Liège ilikuwa inajitembeza sana.

Yako mambo mawili. Kofia ya ndani ya askari wa miavuli haikuwa kama ya wengine. Mtu anayeruka kutoka ndegeni hahitaji kofia inayopeperuka, kwa hiyo yake ilikuwa na mikanda ya ziada kila upande, yenye umbo la A iliyopinduliwa, inayoshika kikombe cha ngozi cha kidevuni, pamoja na vifungo vya kuibana isichomoke katika ile ya chuma. Hii ya ndugu yetu haina mikanda hiyo wala dalili ya mahali ilipowahi kuwa. Hoja hiyo peke yake si ya mwisho, kwa kuwa katika vita watu huokota wanachokiona. Ya mwisho ni picha ya nne. Kuna mkwaruzo mrefu unaopita katikati ya shupaza. Kama shupaza ingekuwa ya 1944, mkwaruzo ungekata nyeupe na kijani kwa pamoja. Hapa nyeupe imeingia ndani ya mkwaruzo. Kofia ilizeeka kwanza, ndipo ikachorwa.

Wengine watasema ni utapeli wa sokoni tu, kama wa simu na saa. Mimi naona unapita hapo, na sababu nitaieleza kwa habari za Bastogne yenyewe.

Desemba 16, 1944, Wajerumani walishambulia katika misitu ya Ardennes. Divisheni ya 101 ilikuwa mapumzikoni Ufaransa. Iliamriwa kwenda Bastogne mara moja, na haikwenda kwa miavuli. Ilikwenda kwa malori, usiku na mchana, katika baridi, askari wamesimama wameshindiliwa kama abiria wa daladala. Walipowasili walizingirwa, wakashikilia mji hadi msaada ulipowafikia tarehe 26. Ushujaa wao haupingiki. Lakini waliwafikishaje huko? Jeshi la Marekani lilikuwa bado la ubaguzi wa rangi, na askari weusi wengi waliwekwa katika ugavi, malori, maghala na makaburi. Katika ule msafara mkubwa wa malori ulioitwa Red Ball Express, Agosti hadi Novemba 1944, takriban robo tatu ya madereva walikuwa weusi. Jeshi la Patton lisingefika popote bila petroli yao.

Na walikuwapo weusi waliopigana. Kikosi cha 969 cha mizinga, cha askari weusi, kilikuwa ndani ya mzingiro wa Bastogne na kilipewa heshima ya kikosi pamoja na hao wa 101. Kikosi cha 333 cha mizinga, cha weusi pia, kilikumbwa na shambulio siku ya kwanza. Watu wake 11 walikimbilia kijiji cha Wereth, wakahifadhiwa na familia ya mkulima, na Desemba 17 wakachukuliwa na askari wa SS, wakateswa na kuuawa uwanjani. Mnara wao wa kumbukumbu ulizinduliwa mwaka 2004, miaka 60 baadaye. Wote hao walivaa kofia hizi hizi, zenye W, F na S utosini.

Sasa fikiria soko. Mnunuzi analipia askari wa miavuli. Halipii dereva, mpishi, mpakuzi wa mizigo. Liège ulikuwa mji wa maghala makubwa ya Wamarekani, mji uliopigwa mabomu ya V-1 kwa sababu hiyo hiyo. Kofia ya ndani iliyosalia Liège ina kila sababu ya kuwa ya mtu wa ghala au wa lori. Anakuja mtu na brashi, anaitwaa kofia ya dereva, na kuifanya ya shujaa wa sinema. Aliyeivaa kweli anafutwa mara ya pili. Mara ya kwanza alifutwa na jeshi lake lililomwona hafai kupewa bunduki, na mara hii na mtu anayetaka faida ya Jumapili moja. Siwezi kusema aliyeivaa hii alikuwa mweusi au mweupe, plastiki haisemi. Nasema mwenye brashi hakujali.

Bahati nzuri hakutazama ndani. Katika picha ya tano, nyuma ya ukanda wa jasho, kuna wino uliofifia: herufi H na tarakimu nne. Jeshini waliiita alama ya dobi. Askari aliandika herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya jeshi kwenye nguo na vifaa vyake, ili vikitoka kwa dobi vimrudie yeye. Huyo H ndiye mwenye kofia.

Kwa hiyo, je, aikwangue shupaza? Nimemwambia asiiguse. Dawa inayoyeyusha rangi ya tapeli huyeyusha na ile ya kijani iliyo chini yake, na wino ule wa ndani ukipata tone moja tu umekwenda. Aandike kwenye karatasi kila anachokijua: alinunua wapi, lini, shupaza ilichorwa baadaye, alama ya dobi iko wapi. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya kofia na ikae humo, ili siku ikienda kwa mtu mwingine, kwa kuuzwa au kwa urithi, isiende na uongo ule tena.

Kuhusu H mwenyewe, njia ipo ingawa ni ndefu. Idara ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani ina orodha ya walioandikishwa jeshini wakati wa vita, yenye majina karibu milioni 9, na mtu yeyote anaweza kuitafuta kwa intaneti. Tarakimu nne za mwisho zinaweza kupangika kwa njia 10,000, kwa hiyo majina milioni 9 yanashuka hadi 900 hivi. Ukichagua ukoo unaoanza na H, unabaki na makumi tu. Tarakimu za mwanzo wa namba, ambazo zingeeleza aliingiaje jeshini na kutoka eneo gani, ndizo ambazo dobi hakuzihitaji. Hata hivyo orodha hiyo inataja mwaka wa kuzaliwa, wilaya, kazi ya uraiani na rangi ya mtu. Haitaji kikosi. Majalada yenye vikosi yalikuwa St. Louis, na Julai 12, 1973 jengo liliwaka moto. Yaliteketea kati ya milioni 16 na 18, na kwa watu wa jeshi la nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, asilimia 80 hivi ya majalada yao ilikuwa humo. Hapakuwa na nakala.

Kilichosalia ni taarifa za asubuhi. Kila kampuni, kila siku, iliandika nani kaingia, nani kapelekwa hospitali, nani kafa, pamoja na namba yake kamili. Nimemshauri aanze na kampuni za malori na za maghala zilizokuwa Liège majira ya baridi ya 1944, alinganishe na yale makumi ya majina, na asiwe na haraka. Ameniuliza kama akina H walikuwa wengi. Walikuwa wengi sana: Harris, Hill, Howard, Hall, Henderson, na bado hatujafika kwenye Hughes.